Nani Alisema Asiye na Pumzi Aketi?

Ukikichunguza Kiswahili utaona neno pumzika limezaliwa na pumzi. Kupumua, pumzi, pumziko, kupumzika: ukoo mmoja. Aliyestaafu tunasema amepumzika, na aliyefariki pia tunasema amepumzika. Ni kama lugha ilishaamua kitambo kwamba mtu akiishiwa na pumzi, dawa yake ni kutulia. Ndiyo maana anayehema hupewa ushauri ule ule popote aendapo, iwe ni kwa jirani, kanisani au kwenye foleni ya zahanati. Kaa chini. Pumzika.

Nimeufuatilia ushauri huu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mjomba wangu. Aliugua TB mara mbili, akameza dawa zote, akapimwa, akaambiwa amepona. Na ni kweli, vijidudu viliisha. Lakini mapafu yalibaki na makovu, na yeye anaishi ghorofa ya nne kwenye ploti isiyo na lifti, hapa Nairobi. Kupanda ngazi ni safari ya vituo vitatu. Kwa hivyo tukaanza kumsaidia vile familia husaidia. Mmoja anamletea maji, mwingine anapitia dukani, mwingine anamwanikia nguo. "Mjomba, wacha tu nitaenda," namwambia, naye hunijibu, "Asante, mjomba," kwa sababu kwetu jina hilo linaenda pande zote mbili. Siku hizi hashuki kabisa. Kila wiki tunampunguzia kazi moja, na kila wiki anahema mapema zaidi.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na riziki yangu ni kuandikia watu vitu mtandaoni. Lakini mtu akiwa na bando na usiku mrefu anaweza kusoma yale ambayo madaktari walikuwa wakiandikiana miaka 70 iliyopita. Nilitaka kujua jambo moja: nani alisema asiye na pumzi aketi? Na kuna mtu yeyote aliyewahi kumbishia?

Kumbe wapo. Na ubishi wao umechukua karne karibu nzima.

Hewa ya kitandani

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, daktari wa Ulaya au Marekani angekwambia kile alichokwambia jirani. Hesabu ilionekana rahisi. Mwili ukifanya kazi unataka oksijeni zaidi, mapafu haya hayawezi kuileta, basi usiusumbue mwili. Oksijeni yenyewe ilikuwepo, ila ilikuwa mali ya kitanda. Hospitali zilikuwa na hema za oksijeni, mgonjwa analala ndani kama mtu aliye chini ya neti ya mbu. Mwaka wa 1928 kule Boston, Philip Drinker na Louis Shaw walitengeneza sanduku la chuma lililombana mgonjwa hadi shingoni na kumpumulisha kwa kuvuta na kusukuma hewa iliyo ndani ya sanduku. Mashine hiyo iliokoa watoto wengi wa polio. Lakini tazama picha zake: kila aliyesaidiwa kupumua amelala chali.

Mmoja wa waliotengeneza hema hizo alikuwa Alvan Barach, daktari wa New York. Ni yeye pia aliyeleta wazo la kuchanganya oksijeni na heliamu katika miaka ya 1930, kwa sababu heliamu ni nyepesi na hupenya kwa urahisi kwenye mirija iliyobana. Huyu alikuwa mtu wa hewa kabisa. Mwaka wa 1952 aliandika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo mlango wa hadithi hii yote. Wagonjwa wake wawili waliokuwa wakipewa oksijeni walianza kutembea zaidi na zaidi, na baada ya muda wakaweza kutembea bila kukatika pumzi kama mwanzo. Barach akajiuliza kama kilichotokea mwilini mwao ni kile kinachotokea kwa mwanariadha anayefanya mazoezi.

Soma tena. Mgonjwa wa mapafu amefananishwa na mwanariadha. Katika nchi yenye Iten hilo linafaa kueleweka haraka: hakuna anayezaliwa na pumzi za marathon, zinatafutwa barabarani. Lakini wenzake Barach hawakuchangamka. Wagonjwa wawili ni wachache, na kitanda kilikuwa na wafuasi wengi. Barach alisonga mbele na kuanza kufikiria mitungi midogo ambayo mtu angeweza kwenda nayo.

Kutoka Everest hadi kwa wachimba makaa

Wales ya kusini ilikuwa na makaa ya mawe, na penye makaa pana vumbi. Mwaka wa 1945 Uingereza ilianzisha kituo cha utafiti karibu na Cardiff, hasa kwa ajili ya wachimba migodi ambao mapafu yao yalikuwa yamejaa vumbi hilo. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Charles Fletcher. Yeye na wenzake walikumbana na tatizo ambalo hata leo halijaisha: picha ya eksirei inaweza kukuonyesha kovu, lakini haikuonyeshi maisha. Watu wawili wenye picha zinazofanana, mmoja anafanya kazi, mwingine hawezi kufika getini.

Basi wakatengeneza maswali. Unahema ukiharakisha au ukipanda mlima mdogo? Unaachwa nyuma na watu wa rika lako mkitembea tambarare? Unalazimika kusimama baada ya mita mia moja hivi? Unashindwa kutoka nyumbani? Kipimo hicho, kikiwa kimerekebishwa kidogo, bado kinatumika kote duniani. Napenda kwamba hakiulizi juu ya mapafu hata mara moja. Kinauliza juu ya barabara, na juu ya watu unaotembea nao.

Katika kituo hicho alikuwepo mwanafiziolojia kijana, John Cotes, ambaye alishughulikia barakoa za oksijeni za msafara wa Everest. Tarehe 29 Mei 1953 Edmund Hillary na Tenzing Norgay walisimama kileleni wakiwa na mitungi mgongoni. Dunia nzima ikapiga makofi. Hakuna aliyesema wale ni wadhaifu kwa kubeba hewa yao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1956, Cotes na mkuu wake John Gilson walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio la kifaa cha oksijeni cha kubebwa, safari hii kwa watu waliokuwa wakikatika pumzi mtaani. Wengi wao walienda mbali zaidi wakiwa na oksijeni. Nikiiweka picha hii pamoja na ile ya Everest, naona kitu kimoja. Mlima haujali kama hewa imepungua nje au ndani ya kifua chako. Kwa mtu wa mapafu yenye makovu, ghorofa ya nne ni kilele, na yeye anakipanda kila siku bila bendera.

Tatizo lilikuwa uzito. Mtungi wa chuma unakupa hewa kwa mkono mmoja na kukunyang'anya kwa mkono wa pili, kwa sababu kuubeba ni kazi. Jibu lilipatikana Denver, jiji lililo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyembamba, ingawa Nairobi tuko juu zaidi yao. Huko daktari Thomas Petty na wenzake, katikati ya miaka ya 1960, walianza kuwapa wagonjwa oksijeni ya kimiminika. Oksijeni ikipozwa hadi ikawa maji inachukua nafasi ndogo mno, kwa hivyo kifaa cha kilo chache tu kinakutosha kwa masaa kadhaa. Watu ambao walikuwa wamefungwa kamba na ukuta wa hospitali wakaanza kwenda dukani, kazini, kuvua samaki. Petty hakuwapa kifaa tu na kuwaacha, aliwapangia mazoezi ya kutembea.

Hapo ndipo tukapata ushahidi mzito. Mwaka wa 1980 Wamarekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 203 ambao oksijeni ya damu yao ilikuwa chini sana hata wakiwa wametulia. Waliotumia oksijeni karibu mchana kutwa na usiku kucha waliishi zaidi kuliko waliotumia usiku tu. Mwaka uliofuata Waingereza, kwa wagonjwa 87, walionyesha kuwa angalau masaa 15 kwa siku ni bora kuliko kukosa kabisa. Kwa watu hao oksijeni si anasa wala mkongojo. Ni uhai, na serikali ikiwanyima isijifiche nyuma ya insha kama hii.

Mathree iliyojaa

Lakini oksijeni haikumaliza swali. Wapo wagonjwa ambao damu yao ina oksijeni ya kutosha, bado wakitembea hatua hamsini wanasimama wakishika ukuta. Kwa nini?

Fikiria mathree ya saa kumi na mbili jioni. Kila steji watu wanapanda na hakuna anayeshuka. Konda bado anaita, lakini hata pa kukanyaga hakuna. Katika magonjwa mengi sugu ya mapafu, hasa yale ya moshi na sigara, shida kubwa ni kutoa hewa. Mirija imebana, hewa inatoka polepole. Ukiwa umekaa, muda upo. Ukianza kutembea unapumua haraka, muda wa kutoa unapungua, hewa ya zamani inabaki ndani, inayofuata inaikuta. Kifua kinajaa. Sasa kila pumzi mpya ni kujibana mlangoni. Anachosikia mgonjwa ni kwamba hewa haingii, kumbe haijatoka.

Wagonjwa wenyewe waligundua ujanja wa bure: kutoa hewa polepole kwa midomo iliyobinywa, kama mtu anayepoza chai. Hiyo huzuia mirija kujifunga mapema na kumpa abiria nafasi ya kushuka.

Mashine zilikuja baadaye. Mwaka wa 1981 huko Sydney, Colin Sullivan aliripoti mashine inayosukuma hewa taratibu kupitia pua, akiwasaidia watu ambao koo zao hujifunga usingizini. Wengine wakajiuliza: je, msukumo kama huo ukimfuata mtu akiwa mazoezini? Mwaka wa 1988 Denis O'Donnell na wenzake waliripoti kuwa msukumo huo ulipunguza kuhema kwa wagonjwa wa mapafu waliokuwa wakifanya mazoezi. Mwaka wa 1994 watafiti wa London waliwapandisha wagonjwa wachache kwenye tredmili, ile mashine ya jimu, wakiwa wamefungwa kifaa kinachoisaidia kila pumzi inayoingia. Walitembea mbali zaidi kuliko walipopewa mashine ya kujifanya. Ni kama konda anayekusukuma mgongoni uingie: mathree bado imejaa, lakini kazi ya kujibana si yako peke yako.

Je, ukifanya mazoezi kwa wiki kadhaa ukiwa na msaada huo, unabaki na faida ukivuliwa barakoa? Mwaka wa 2014 watafiti walikusanya majaribio yaliyokuwepo, sita tu, yenye watu 126. Walichopata ni nusu habari njema. Msaada wa mashine huenda unamwezesha mtu kufanya mazoezi makali zaidi. Kama unayafanya maisha yake kuwa bora kuliko mazoezi bila mashine, hilo halikuwa wazi.

Kumbe ni miguu

Hapa ndipo niliposimamisha simu na kuamka kitandani.

Wakati wengine wanahangaika na hewa, wapo waliokuwa wakiangalia chini. Mtu akikaa miaka miwili bila kutembea, misuli ya mapaja hunyauka. Msuli dhaifu hutoa asidi mapema, na asidi ikiingia kwenye damu, ubongo huamuru upumue zaidi. Kwa hivyo miguu iliyolala inayadai mapafu deni ambalo hayana. Unahema, unakaa. Unakaa, miguu inanyauka. Inanyauka, unahema zaidi. Ule ushauri wa kupumzika unakuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Je, misuli ya mtu wa namna hii inaweza kufufuka? Mwaka wa 1981 Michael Belman na mwenzake waliwapima wagonjwa baada ya mazoezi na hawakuona mabadiliko ndani ya misuli. Wenye kupenda kitanda wakapata hoja. Mwaka wa 1991, Richard Casaburi huko California akarudia swali kwa wagonjwa 19, lakini akaongeza ukali. Kundi moja lilifanya mazoezi mazito, jingine mepesi ya muda mrefu zaidi. Waliofanya mazito walitoa asidi kidogo zaidi na kuhitaji pumzi chache zaidi kwa kazi ile ile. Mapafu hayakuwa yamepona. Miguu ndiyo ilikuwa imejifunza kuishi kwa bajeti ndogo.

Kisha hadithi ikarudi Wales, sehemu zile zile za wachimba makaa. Mwaka wa 2000 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya wagonjwa 200. Nusu walipewa wiki sita za mazoezi na mafunzo pamoja na tiba ya kawaida, nusu tiba ya kawaida peke yake. Katika mwaka uliofuata, wale wa mazoezi waliolazwa hospitalini walikaa wastani wa siku 10.4, wenzao siku 21.

Na utafiti ulionishangaza kuliko yote ni wa Australia, wa mwaka wa 2019. Jennifer Alison na wenzake walichukua watu 111 ambao oksijeni yao hushuka wakifanya mazoezi. Wote walifanya mazoezi kwa wiki nane, wakipumua kupitia mpira wa puani kutoka kwenye mashine. Kwa kundi moja mashine ilitoa oksijeni. Kwa jingine ilitoa hewa ya kawaida. Si mgonjwa, si mkufunzi aliyejua nani ana nini. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa kutembea, na la oksijeni halikulishinda lile la hewa.

Sisemi mashine ni bure. Kuna wanaozihitaji ili tu waweze kuanza, na kuna ambao bila oksijeni hawafiki mwisho wa mwaka. Kila mtu apimwe kwanza, na mazoezi yaanze chini ya macho ya mtu anayejua. Lakini karne nzima ya mitungi, barakoa na mota imefikia jibu ambalo Barach aliliona kwa wagonjwa wawili: msaada wa kupumua ulifungua mlango, na kilichotibu ni kutembea.

Umbali wa Kampala

Mtu anaweza kusema hizo ni habari za wazungu na sigara zao. Mapafu yetu yana historia nyingine: TB, moshi wa kuni, vumbi la timboni. Lakini jibu lilishafika jirani. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti wa Makerere na wenzao walijaribu programu ya mazoezi ya wiki sita kwa watu waliopona TB wakabaki na mapafu mabovu, watu walio kama mjomba wangu. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka wa 2017. Walimaliza wakitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza.

Na kipimo chenyewe? Kilianza mwaka wa 1968, Kenneth Cooper alipowapima wanajeshi wa anga wa Marekani kwa kukimbia dakika 12. Mwaka wa 1976 Waingereza waliigeuza iwe dakika 12 za kutembea, kwa ajili ya wagonjwa wa mapafu. Mwaka wa 1982 ikapunguzwa hadi sita. Unachohitaji ni ukumbi wa mita 30, saa, kiti cha dharura, kifaa cha kidoleni cha kusoma oksijeni, na mtu wa kuhesabu. Vitu hivyo havihitaji mkopo kutoka nje.

Ndiyo maana nakasirika kidogo. Wakati wa Korona sote tulijifunza neno oksijeni kwa uchungu, tukaona familia zikizunguka mji zikitafuta mtungi. Tulijifunza kuuliza nani ana hewa. Hatukujifunza swali la pili. Mjomba amepigwa picha ya kifua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara ametolewa makohozi. Katika ziara hizo zote hakuna aliyemuuliza anatembea umbali gani. Kwenye lugha ya TB kuna maneno ya aliyemaliza dawa na aliyepona. Hakuna neno la aliyepona lakini amekwama ghorofa ya nne, na asiye na neno hapangiwi bajeti.

Tulichobadilisha nyumbani ni kidogo. Tulimpeleka akapimwa, oksijeni yake ikaonekana iko sawa akiwa ametulia na akitembea, na mtaalamu wa fizio akampa mpango wa kuanzia. Ndoo bado nabeba mimi, lakini maziwa anafuata mwenyewe. Anashuka ghorofa moja, anapoza chai yake isiyoonekana kwa midomo iliyobinywa, anapanda. Sisi tumepewa kazi ngumu zaidi kuliko kubeba ndoo: kutembea kando yake kwa mwendo wake, bila kumwambia apumzike.